Mwanafunzi Mwenye Mtoto na Kazi za Pembeni

Katika miaka ninayofundisha hapa Mwanza, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi mlango wa ofisi ukiwa umefungwa si la mtihani wala la tasnifu. Ni hili: "Mwalimu, nina mtoto na ninamlea peke yangu. Nifanye kazi gani ya kuniingizia chochote bila kuniondoa darasani?" Mara nyingi anayeuliza ni binti wa miaka 22 au 23, ingawa mwaka jana aliniuliza pia kijana wa kiume ambaye mwenzake aliondoka akamwachia mtoto asiyetimiza miaka miwili. Wote huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuzaa ni kosa la kinidhamu.

Majibu mepesi yapo, na mitandao imejaa orodha zake: kazi za kufanyia nyumbani, kazi za muda wako mwenyewe, kazi zisizobana. Nimezisoma nyingi. Zinachosahau kusema ni kwamba kila kazi ina mwenye saa. Saa zisipokuwa za mwajiri, zitakuwa za mteja, au za mkopeshaji, au za mwezi ulioko angani. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuzungumzia malipo, humuuliza mwanafunzi: hiyo kazi unayoifikiria, saa zake ni za nani?

Tuanze na hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupangiwa shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi. Kabla ya hapo zilikuwa 8,500. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, imepigiwa hesabu ya tumbo moja na godoro moja. Mtoto hamo. Na watoto wapo, tena wataongezeka. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Marufuku hiyo Rais Magufuli alikuwa ameikazia hadharani Juni 2017. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini msichana aliyerejea kidato cha nne Januari 2022 alifanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2025, na miezi michache baadaye akapanga foleni ya usajili chuoni akiwa na mtoto anayekaribia kuanza shule. Nchi iliyomfungulia lango la sekondari haikukumbuka kwamba mbele yake kuna lango jingine.

Sasa kazi zenyewe. Mgeni yeyote wa Mwanza angetaja dagaa kwanza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Inapotoka tena, hurudi alfajiri, pale Igombe, Kayenze na katika mialo mingine ya pwani hii. Anayetaka mali nzuri lazima awe mwaloni kabla jua halijachomoza, anunue kwa ndoo, aanike mchangani, juu ya mawe au juu ya vichanja, ageuze, afukuze kunguru, na amwombe Mungu mvua isinyeshe kabla ya jioni. Ikinyesha, chakula cha binadamu kinageuka kuwa chakula cha kuku, na bei yake inageuka pia. Kipindi cha saa mbili asubuhi hakimngoji mtu wa namna hiyo. Kwa mwanafunzi mwenye mtoto ningesema moja kwa moja: hapana.

Isipokuwa mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, alinionyesha kalenda kwa jicho jingine. Vuli huanza karibu na kufunguliwa kwa chuo, na masika hutukuta katikati ya muhula wa pili. Likizo ndefu, kuanzia Julai hadi Oktoba, huangukia kiangazi, wakati dagaa hukauka vizuri kwa siku moja ya jua kali. Binti huyu alikuwa akirudi kwa mama yake kila likizo, akianika na kujaza magunia, kisha muhula ulipofunguliwa akauza kidogo kidogo dagaa waliosafishwa, waliotolewa vichwa na mchanga, katika vifuko vya nusu kilo. Usafishaji aliufanya usiku mtoto akiwa amelala. Aliutenganisha wakati wa kuzalisha na wakati wa kuuza, na saa zikarudi mikononi mwake. Mwaka wa pili mafunzo kwa vitendo yalimlia sehemu kubwa ya kiangazi na akabaki na magunia mawili tu. Hata hivyo alilipa pango la chumba.

Alikuwa na bahati moja ambayo sina budi kuitaja: mama yake alikuwa na hisa katika mtumbwi. Mwanamke anayefika mwaloni bila mtaji na bila jamaa anaweza kukuta bei ya samaki ina sehemu isiyotamkwa. Ndugu zetu wa upande wa Kenya wana neno lake, jaboya: mvuvi anampa mwanamke kipaumbele cha samaki, naye mwanamke analipa kwa mwili. Mwaka 2011 wanawake wa Nduru Beach, upande wa Kisumu, waliungana kuukataa utaratibu huo, na silaha yao haikuwa mahubiri bali mitumbwi yao wenyewe. Mwenye mtumbwi haombi kupewa kipaumbele. Nawaambia wanafunzi wangu habari hii kwa sababu sitaki yeyote aende mwaloni kwa kudhani anakwenda kwenye soko kama masoko mengine.

Kazi ninayoiona ikiwafaa wengi ni ya chini kabisa kwa heshima: tuisheni ya mtaani. Malimbe, Mkolani, Buhongwa, popote wanafunzi wanapopanga, kuna watoto wa shule ya msingi ambao wazazi wao wanarudi usiku. Saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, mkeka mmoja, ubao mdogo, watoto saba au wanane. Mtoto wa mwalimu anakaa humo humo kati yao, hahitaji mlezi, na baada ya miezi michache anajua herufi kabla ya wenzake. Mzazi mmoja hulipa kwa wiki, mwingine kwa mwezi, mwingine hulipa kwa maneno. Kipato si kikubwa. Lakini ni kazi ambayo saa zake zilipangwa na anayeifanya, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita wateja.

Kusuka nywele kunalipa zaidi na hakuhitaji mtaji ila vidole. Tatizo lake ni kwamba kichwa kimoja cha rasta kinaweza kula nusu siku, na wateja wote wanataka Jumamosi. Uwakala wa fedha za simu, ambao kila mtu huutaja, siupendekezi kwa anayesoma: unahitaji fedha ya kuzungushia na mtu wa kukaa kibandani kutwa. Kunukuu mahojiano ya watafiti ni kazi nzuri kwa mwenye kompyuta, hasa anayejua Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja, kwa maana sauti iliyorekodiwa husikilizwa hata saa nane usiku. Mtoto akilia unasimamisha, akinyamaza unaendelea.

Ipo kazi moja ambayo wengine wataniambia inalipa kuliko zote hizi, nayo ni kuwaandikia watu tasnifu. Siipendekezi, na nikiikamata naifikisha panapohusika. Ila sitajifanya sijui wanunuzi ni nani. Si maskini. Baadhi yao ni watumishi wa umma wanaosoma shahada ya uzamili jioni wakisubiri kupandishwa daraja, na huenda mmoja wao anasoma makala haya. Mheshimiwa, binti aliyekuandikia sura ya pili aliiandika akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Yule kijana wa kiume nilimkuta tayari ameshachagua: bodaboda ya mkataba. Kila jioni anampelekea mwenye pikipiki hesabu yake, apate abiria asipate, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki itakuwa yake. Ninamheshimu, lakini saa zake ni za mwenye pikipiki. Alianza kukosa vipindi vya asubuhi, kwa maana asubuhi ndipo abiria walipo, na binti yake akampeleka Magu kwa bibi.

Kuna pia mtego. Mwanafunzi anayekosa mtaji hukopa, na mikopo inayomfikia upesi ni ile ambayo mtaani tumeibatiza kausha damu. Marejesho ni ya kila wiki, na homa ya mtoto si sababu ya kuchelewa. Mingine huja kwa simu. Ukichelewa, wanawapigia watu wote waliomo katika orodha yako ya namba, akiwamo mwalimu wako. Nimewahi kupigiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Ilikuwa hatua njema. Lakini kufunga duka bovu si kufungua duka jema. Duka jema kwa jina lipo: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Inatolewa kwa vikundi. Wanafunzi watano ninaowafahamu waliunda kikundi, wakaandika katiba, wakaenda kwenye ofisi moja ya kata, wakaambiwa kwamba wao ni wapita njia, mkopo ni wa wakazi. Mtu anayelipa kodi ya pango mahali kwa miaka mitatu, akanunua maji hapo na mtoto wake akachanjwa hapo, ni mkazi. Maofisa maendeleo ya jamii mnaonisoma, hilo liko ndani ya uwezo wenu bila kungoja waraka wowote.

Wengine huniuliza: na baba wa mtoto yuko wapi? Swali la haki. Zamani, chini ya sheria ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, mama angeweza kupewa na mahakama kiwango kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta, na leo mama anaweza kwenda ustawi wa jamii au mahakamani kudai matunzo yanayolingana na kipato cha baba. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya hivyo na akafanikiwa. Wengi hawataki, kwa aibu, au kwa kuwa baba mwenyewe ni mwanafunzi mwenye bumu lile lile. Wanaobeba mzigo ni bibi zao. Kwa walio na mama zao Sengerema, nafuu ya kweli ya karibuni haikutoka chuoni wala kwenye bodi. Ilitoka Kigongo na Busisi, ambako daraja la kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025. Zamani kumwona mtoto Jumamosi kulitegemea kivuko; sasa mama anavuka asubuhi, anashinda na mwanawe, na jioni yuko Nyegezi akijiandaa na Jumatatu.

Nirudi kwetu wahadhiri, maana nimewataja wavuvi, wakopeshaji na maofisa wa kata, na sisi tunamiliki saa kuliko hao wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 akijifungua pacha, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Karani wa chuo ana haki hiyo. Mwanafunzi anayepeleka fomu kwa karani huyo hana. Na hata bila kugusa sheria, tazama tunavyoendesha ratiba: ujumbe kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku kwamba kesho kipindi kimehamishiwa jioni, mwalimu alikuwa na udhuru. Kwa mwanafunzi asiye na mtoto hiyo ni kero ndogo. Kwa yule wa tuisheni ni watoto wanane walioketi mkekani bila mwalimu, na wazazi ambao wiki ijayo watatafuta mwingine.

Idara yetu inapanga ratiba ya muhula ujao mwezi huu. Nimeomba hoja tatu ziingizwe kwenye ajenda: ratiba ikishabandikwa isiguswe, majaribio yasiwekwe Jumamosi, na chumba kimoja kilichojaa viti vibovu kisafishwe ili mama apate mahali pa kunyonyeshea. Hakuna inayohitaji bajeti, ila labda ufagio. Mwenzangu mmoja ameshaniuliza itakuwaje wanafunzi wengine wasio na watoto nao wakidai ratiba isiyobadilika. Nimemjibu kwamba nao wapewe.