Mbalamwezi Bila Baba

Wavuvi wa dagaa wa Kunduchi huishi kwa kuufuata mwezi ili wapate kuukwepa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai za mafuta, siku hizi balbu za betri na sola. Samaki hao wadogo huvutwa na mwanga, hujazana chini yake, kisha wavu huzungushwa. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi unapokaribia kupevuka bahari nzima hung'aa, taa ya mvuvi hukosa nguvu, na dagaa hutawanyika. Basi siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mashua hupumzika ufukweni, nyavu hushonwa, na wanaume hulala majumbani mwao.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Kwa hiyo nyumbani kwetu mwezi mpevu ulikuwa na maana moja tu: baba yupo. Usiku wa giza tulibaki na mama. Usiku wa mbalamwezi baba alikaa uani, wavu umejaa mapajani, sindano ya mbao mkononi, akiziba matobo bila kuwasha taa. Alikuwa akipitisha kidole gumba katika kila jicho la wavu, na palipokatika kidole kilisimama chenyewe. Sisi tulicheza kombolela mpaka mama achoke kutuita. Baba alipokohoa tu, tulijua mchezo umekwisha.

Si sisi wa pwani tu tulioufuata mwezi; binadamu hawajaacha kuutamani. Kati ya 1969 na 1972 watu 12 waliukanyaga. Wanaanga wa Apollo 17, wa mwisho kutua huko, waliigeukia dunia wakiwa njiani, tarehe 7 Desemba 1972, wakaipiga picha ikiwa duara kamili, na Afrika ikaonekana waziwazi. Huku kwetu ulikuwa mchana. Nimeitazama sana picha hiyo tangu baba aondoke. Wakati ule alikuwa mtoto katika mwambao huu, pengine anakimbia mchangani. Macho ya kawaida hayawezi kumwona, lakini yumo. Watu walisafiri mpaka mwezini, na mimi katika safari yao yote natafuta mtoto mmoja wa Kunduchi.

Ijumaa ya tarehe 27 Julai 2018 mwezi mpevu ulipatwa, na kupatwa huko kulivunja rekodi ya urefu kwa karne hii: dakika 103 umefunikwa mzima, kuanzia saa nne na nusu usiku. Ulibaki mwekundu kama shaba. Msikitini waliswali swala ya kupatwa. Baba aliporudi hakuingia ndani. Alisimama akiangalia upande wa bahari, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Giza lote hili, na taa zetu ziko pwani." Kwa zaidi ya saa moja na nusu Mungu alikuwa amempa giza katikati ya mbalamwezi, naye alikuwa nchi kavu. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka: mtu aliyeutazama mwezi kwa macho ya kazi yake, na bado ukamshangaza.

Alifariki Desemba 2019, katikati ya Mfunguo Saba, mwezi wa saba tangu Ramadhani iishe, mvua za vuli zikinyesha bila kupumzika. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na miezi ya eda ni ya mwandamo. Aliweka kando wanja, hina na udi. Kila jioni ya ishirini na tisa, baada ya Magharibi, alitoka uani, akaipa bahari mgongo na kutazama upande wa bara, juu ya mabati ya majirani, kwa sababu mwezi mchanga huonekana magharibi na huzama upesi. Ukionekana alisema, "Mwenzangu amepata mwezi mwingine huko aliko." Usipoonekana alikamilisha thelathini. Kwa maisha yake yote ya ndoa alikuwa akiusubiri mwezi ukue ili mumewe arudi. Sasa aliusubiri uandame tu, apate kuhesabu. Ulipoingia wa Shaabani alijua yuko karibu, na alitoka eda Ramadhani ikiwa mlangoni.

Wafariji wengi walituambia kwamba mwezi hufa na kurudi, hivyo tusikate tamaa. Nia yao ilikuwa njema, lakini faraja hiyo sikuipata. Mwezi ulipopevuka tena, mashua zikakaa pwani na baba wa wenzetu wakawa majumbani, uani kwetu palikuwa na wavu uliokunjwa. Mwezi hurudi, mtu harudi. Miezi ya kwanza niliuchukia kwa sababu hiyo.

Kilichonipatanisha nao ni hesabu yake. Mwaka wa mwezi una siku 354, pungufu kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani. Hitma ya baba tunaisoma katika Mfunguo Saba, nayo kila mwaka husogea nyuma. Ya kwanza ilitukuta bado kwenye vuli. Ya 2025 iliangukia Oktoba: jua kali, upepo wa kusi unalegea, wavuvi wanangoja kaskazi. Tulitandika mikeka nje bila hofu ya mvua. Kwa mara ya kwanza niliweza kusema habari za kifo chake bila kusikia maji yakigonga bati. Mbele huko hitma itapita katika kipupwe, itapita katika masika, itazunguka majira yote, na itarudi kwenye vuli ya Desemba karibu na mwaka 2051.

Kalenda ya ukutani ingetufungia msiba katika Desemba ile ile, mvua ile ile, kila mwaka hadi tufe. Mwezi unautembeza. Hakuna msimu utakaobaki kuwa wa kifo chake peke yake, wala hakuna utakaopita bila yeye kuombewa ndani yake. Wazee waliotuachia mpango huu walizika watu wengi kuliko sisi, na naamini walijua huzuni isiyosogea humwua aliyebaki.

Vijana wetu husoma tarehe kwenye simu, na taa za Barabara ya Bagamoyo zimefanya wengi wasijue leo mwezi una siku ngapi. Sitaki hesabu hii ipotee nyumbani kwangu. Wanangu wanajifunza mifunguo yote tisa, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, na jioni ya ishirini na tisa nawatoa nje watafute wenyewe. Leo wanamhesabia babu yao. Siku moja watanihesabia mimi, na nataka huzuni yao nayo ipate njia ya kusogea.