Jina Lako Daftarini

Kasongo, baada ya sala ya Ijumaa

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, mama yako hajambo, na mihogo imetoka vizuri. Hayo yatosha, kwani lililonishikisha kalamu si habari za nyumbani. Nimesikia kwa mtu aliyetoka Kindu juzi ya kwamba wewe, ulipopata udereva kwa yule tajiri wa malori, ulimwomba asikuandikishe CNSS, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ili upokee mshahara mzima pasipo kukatwa. Nilijaribu kuamini kuwa ni uzushi, lakini usingizi haukunijia.

Katika kila faranga 100 za mshahara wako hukatwa 5 tu, na tajiri yampasa kutoa 13 nyingine za mfukoni mwake. Kwa kuzionea uchungu 5 zako, umemsamehe mtu 13 zake, naye hakukuomba hata msamaha!

Mimi baba yako mkubwa nilikuwa karani wa ghala ya pamba miaka 22, na hati yangu ilisifiwa hata na wakubwa wa kizungu. Kila mwezi nilikatwa fedha ya INSS, ndilo jina la mfuko huo kabla ya 2018, nami sikuuliza, kwa kuwa karani mwenye kuandika majina ya wengine hakuona haja ya kulitafuta lake. Uzee uliponifika nikavuka Lualaba, nikapanda gari moshi pale Samba, nikaingia ofisi ya mfuko huo mjini Kindu kudai malipo yangu ya uzeeni, bahasha kwapani. Mwandishi akafungua daftari, akasoma, akarudia kusoma, kisha akaniambia kwa adabu kwamba miezi iliyowafikia ni ya miaka 6. Fedha ya miezi iliyobaki ilikatwa, lakini haikuvuka mlango wa kampuni ya pamba, na kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa zamani. Karatasi zangu za mshahara zililiwa na mchwa. Mwenzangu mmoja, ambaye nilikuwa nikimcheka kwa kuzihifadhi zake katika kopo la biskuti, alisikilizwa akalipwa. Wala sikumpongeza, Mungu anighufirie.

Wala usidhani kwamba CNSS hutibu kila maradhi. Ukiumia kazini hukuuguza, na ukibaki na kilema hukupa riziki, iwapo umeandikwa. Lakini malaria yako na ya mkeo ni juu ya tajiri kwa sheria ya kazi ya 2002, na siku utakapoacha kazi mlango huo hufungwa. Matibabu ya bure ya serikali yalianzia Kinshasa mwaka 2023 kwa wanawake wanaojifungua, nao wanastahili. Sisi wazee wenye mtoto wa jicho tungali tunauza mbuzi. Wangu wamekwenda wawili, na jicho la kushoto bado linangoja.

Jina lako liwe moja katika kila karatasi, usiwe Ramazani huku na Ramadhani kule.

Basi mwendee tajiri wako kwa upole, umwambie kuwa umebadili rai, naye akuandikishe. Namba utakayopewa nitumie kwa mkono wa dereva yeyote ajaye huku, na uiandike kwa tarakimu kubwa, kwa ajili ya jicho hili.

Ni mimi, baba yako mkubwa