Ua la Fondanti Mpaka Ng'ambo ya Mto

Leo acha niandike juu ya kitu kidogo kinachowanyima pesa akina dada wetu wanaooka hapa Gumbo: pambo la fondanti kubanduka kwenye keki.

Kwa nini ni pesa? Mteja akiagiza keki ya harusi analipa nusu mbele. Hiyo nusu inaisha yote kwa unga, mayai, sukari na makaa. Faida iko kwenye salio, na salio analipa akishaiona keki. Akikuta ua limelala upande na herufi ya jina la bibi harusi imeteleza mpaka chini, hapo mazungumzo yanabadilika. Nimeshamwona dada mmoja akirudishwa na nusu ya salio, na watoto wake wanangoja ada. Keki ilikuwa tamu kabisa, hakuna aliyebisha.

Wengi tunajifunza kwa video za simu. Video si mbaya, lakini yule mwalimu anaishi kwenye baridi na ana friji. Sisi tunaoka kwa sufuria yenye mchanga juu ya jiko la makaa, Juba, mahali ambapo Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa ajili ya joto. Krimu ya Blue Band iliyo chini ya fondanti inalainika kabla ya saa sita, na kila kilicho juu yake kinaanza safari. Dada wetu mmoja huchanganya Blue Band na mafuta magumu ya kupikia, yale meupe ya kopo. Utamu unapungua kidogo, ila krimu inasimama.

Sasa kubandika kwenyewe. Fondanti ni sukari, na sukari inapenda maji kupita kiasi. Kwa hiyo maji ndiyo gundi yake, na ni maji hayohayo yanaiharibu. Kwa herufi na mapambo membamba, fondanti juu ya fondanti, maji yanatosha: lowesha brashi, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki na unyevu tu, pitisha mgongoni mwa pambo, katikati, usifike ukingoni. Ngoja kidogo. Mgongo uking'aa kwa maji, pambo litateleza. Ukinata kwenye kidole, weka na ushike huku unahesabu mpaka ishirini. Anayeanza huwa anaongeza maji akiona halishiki. Aache. Lipanguse, lingoje.

Maua ni habari nyingine kwa sababu yana uzito. Yatengenezwe mapema, siku mbili tatu au zaidi kabla, na fondanti yake ikandwe na unga wa CMC ili ikauke na kuwa ngumu. CMC hiyohiyo ni gundi: robo kijiko cha chai kwenye vijiko viwili vikubwa vya maji ya uvuguvugu, funika, ilale mpaka asubuhi, utakuta imekuwa kama ute wa yai. Kama huna, chukua kipande cha fondanti, ponda na matone machache ya maji ya moto mpaka iwe kama uji mzito. Hiyo nayo inashika vizuri, na rangi inafanana.

Shida ni kwamba CMC inatoka Kampala au Nairobi, inapita Nimule, na barabara ya Nimule mnaijua. Kuna wiki gari haliji. Hapo ndipo nashangaa sisi wenyewe. Gundi ya mgunga, ile ya mti wa hashab, inachumwa nchi hii hii, kule Renk na pande za Kapoeta, na viwanda vya soda duniani vinaigombania. Wapishi wa sukari wameitumia kubandikia tangu zamani. Saga, kijiko kimoja kwa vitatu vya maji ya uvuguvugu, iache usiku, chuja kwa kitambaa safi. Ina umanjano kidogo, basi ipake mahali pasipoonekana. Nunua iliyo safi ya kuliwa, usichanganye na ubani wa kuchoma. Na tafadhali, gundi ya karatasi isikaribie keki, hata kama mtu amekwambia "hawali ua".

Ua zito zaidi linahitaji mguu. Wengi hutumia vijiti vya meno. Mimi nakataa, maana keki za hapa zinaliwa na watoto ishirini kwa dakika tano na hakuna anayechungulia ndani. Tumia kipande cha spageti kavu: choma kwenye ua likiwa bado laini, likauke nacho, kisha lisimamishe kwenye keki. Anayekiuma amekula tambi tu.

Kama keki haina fondanti, ni krimu peke yake, usibandike mapema. Pambo kavu linafyonza unyevu wa krimu na kulegea. Liweke saa ya mwisho. Na ukiazimwa friji ya duka, ujue keki ikitoka itatoa jasho na rangi nyekundu itatiririka. Jambo lingine: wateja Waislamu wa Malakia huuliza jelatini ya fondanti imetoka kwa mnyama gani. Wana haki. Soma kopo kabla hujajibu.

Lakini yote haya yanaweza kufa njiani. Harusi nyingi ziko ng'ambo, Gudele au mjini, na hata ukipita daraja la Freedom lililofunguliwa 2022, kabla na baada yake kuna mashimo. Raksha inaruka, keki inaruka. Ndiyo maana sisi sasa tunabeba maua pembeni kwenye katoni yenye pamba, gundi kwenye kichupa na brashi mfukoni, tunabandika kulekule ukumbini kabla mteja hajafungua mlango.

Ndugu wa mashirika, hapa nina neno. Kuna mafunzo yalifanyika, yakaishia siku ya kufunika keki kwa fondanti. Vyeti vikatolewa, na kila kikundi kikapewa ovena ya umeme. Umeme hatuna, ovena yetu inatumika kama meza ya mayai. Tungepewa masanduku magumu ya kubebea keki na siku moja ya kufundishwa kusafirisha, akina dada wangekuwa wanalipwa salio zao zote.

Jumamosi hii tuna keki ya ngazi tatu ya kupeleka Gudele. Maua yanakauka tangu Jumatatu juu ya kabati, waridi kumi na nne. Mwenye sanduku gumu la sentimita arobaini hivi atuazime, tutalirudisha Jumapili baada ya misa.