Kura Tatu za Mwalimu

Mwaka 1958 nilikuwa mtoto wa miaka minane, mchunga mbuzi. Katika kijiji chetu cha Tanganyika mtu mmoja tu aliandikishwa kupiga kura, naye ni mwalimu wa shule. Baba yangu alilima, akalipa kodi kila mwaka, lakini kura hakuwa nayo. Sheria ilitaka mtu awe amesoma darasa la nane, au apate shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe na cheo fulani. Shilingi 3,000! Baba hakupata kuzishika pamoja maisha yake yote.

Jioni moja alikwenda kwa mwalimu, nami nyuma yake nimebeba kuku. “Mwalimu,” akasema, “utupigie na sisi.”

“Mzee, kura ninazo tatu,” akajibu mwalimu, “lakini moja tu ndiyo ya Mwafrika.”

Akatueleza. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, karatasi yako imeharibika. Basi Waafrika, zaidi ya milioni nane, walikuwa na kiti kimoja katika kila jimbo. Na Wazungu, wapata 20,000 nchi nzima, nao kiti kimoja. Na hayo yaliitwa usawa!

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Nikipeleka debe la mahindi nyumba yenye watu mia, na debe jingine nyumba ya mtu mmoja, nimegawa sawa?”

Wengi walitaka kuususia uchaguzi ule. Katika mkutano wa TANU huko Tabora, Januari 1958, wajumbe walibishana sana, mpaka Nyerere akawashawishi waingie. Siku zile baba aliona wamekosea. Mimi naona walikuwa na macho: mradi kila mtu alilazimishwa kumchagua Mzungu na Mwasia, kura za Waafrika nazo zilisaidia kuamua ni yupi. Ndivyo Derek Bryceson na Amir Jamal walivyoingia katika Baraza la Kutunga Sheria wakiungwa mkono na TANU.

Katika uchaguzi wa 1960 kura tatu hazikuwapo tena, na masharti yalilegezwa. Aliyejua kusoma Kiswahili aliweza kuandikishwa. Baba hakujua kusoma. Akangoja tena.

Novemba 1962, uhuru umekwisha patikana, watu wazima wote waliitwa kumchagua Rais. Baba aliamka kabla ya jogoo, akavaa kanzu ya Jumapili. Mama naye alikwenda, mdogo wangu mgongoni. Mimi nikaachiwa mbuzi.