Karamu za Nigeria: Kila Umri na Saa Yake

Msafiri afikaye Lagos siku ya Jumamosi hana haja ya kuuliza arusi iko wapi. Ataona mahema yamesimamishwa, na wanawake waliofunga vilemba virefu viitwavyo gele wakishuka katika motokaa. Tena atasikia ngoma tangu mbali. Wayoruba, ambao ndio wenyeji wa pande hizo, huiita karamu kubwa namna hii owambe, yaani "ipo pale".

Jambo la kustaajabisha katika karamu hizo si wingi wa chakula wala uzuri wa nguo. Ni namna mwenye shughuli awezavyo kuwakusanya mahali pamoja babu wa miaka 80, karani wa miaka 30 na mtoto wa miaka 8, na kila mmoja akarudi kwao ameridhika. Kazi hiyo si nyepesi. Mzee asiyeheshimiwa huondoka bila kutoa baraka; kijana asiyepewa nafasi hutoka nje akaanzisha karamu yake; na jamaa waliogawanyika siku ya furaha ni shida kupatana siku ya msiba.

Kwanza huja saa ya wazee. Mtoto wa Kiyoruba hupewa majina siku ya nane, na babu na bibi hutangulia kumtaja kabla ya wengine. Asali na chumvi huonjwa, na kila kitu huombewa dua yake. Arusini, bwana arusi na rafiki zake hulala kifudifudi mbele ya wazee wa bibi arusi, hata kama bwana huyo ni mkubwa wa ofisi.

Kwa Waigbo, walioko kusini-mashariki ya nchi, hakuna shauri liwezalo kuanza kabla ya kola kuletwa. Mzee huishika na kuiombea kwa Kiigbo, maana husemwa kwamba kola haisikii Kiingereza. Baadaye kijana huipasua na kuwagawia waliohudhuria. Tazameni hekima hiyo: mkubwa ana neno lake, na mdogo ana kazi yake; hakuna aliyekuja kutazama tu.

Katika chakula pia mpangaji hodari hukumbuka umri. Wazee huwekwa mbali na vipaza sauti, wakahudumiwa mapema viazi vikuu vilivyotwangwa pamoja na mchuzi mzito, au mikate laini ya kunde iitwayo moin moin. Vijana na watoto hupendelea wali mwekundu wa jollof na kuku. Halafu wapigaji huanza na muziki wa juju, kama ule wa Ebenezer Obey na King Sunny Ade, ambao wazee waliucheza ujanani mwao. Wazee wakishachoka na kuaga, ndipo vijana huachiwa uwanja na nyimbo zao mpya za Afrobeats.

Lakini yako mambo mawili yanayotaka uangalifu. La kwanza ni kutuza. Wageni hupenda kumbandika noti mwenye shughuli anapocheza, au kumrushia. Sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya mwaka 2007 inakataza kurusha noti za Naira na kuzikanyaga; adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua Naira 50,000, au vyote viwili. Ni salama zaidi kutia zawadi katika bahasha.

La pili ni aso ebi, yaani nguo za jamaa. Wote hununua kitambaa cha namna moja ili waonekane kuwa kitu kimoja. Ni desturi nzuri, lakini humlemea kijana aliyeanza kazi jana, na mjane mwenye watoto wa shule. Mwenye busara huchagua kitambaa cha bei nafuu, au huwaambia wasio na uwezo wavae kilemba au kofia tu ya rangi iliyochaguliwa. Asipofanya hivyo, wengine watakopa, na wengine watabaki nyumbani kwa aibu. Basi umoja uliotafutwa kwa nguo utakuwa umepotezwa kwa nguo hizo hizo.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Karamu za Nigeria zinatuonyesha kwamba hata vijana wakiwapo halina haja ya kuharibika, mradi kila mtu apewe saa yake na kazi yake.