Barua kwa Mjukuu Anayetafuta Utukufu

Bukoba

Mjukuu wangu mpendwa, mume wangu,

Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu yanayogoma kila asubuhi. Migomba imebeba vizuri mwaka huu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kwenye simu ya shangazi yako, nikamwomba aurudie. Unasema kwenye mkesha wa kanisa unaloabudu siku hizi wenzako walianguka, wengine wakalia, mmoja akashuhudia kwamba ameona wingu la utukufu juu ya madhabahu. Wewe ulibaki umesimama macho makavu, ukijiuliza una dhambi gani hata Mungu akuruke. Kisha ukaniuliza utukufu wa Mungu unaonekanaje.

Sitasema wenzako wamedanganya. Sikuwepo, na Mungu hanihitaji mimi nimpangie namna ya kuwatembelea watu wake. Ila ulichokiomba wewe Musa alikwisha kukiomba, na habari yake iko katika Kutoka, sura ya 33 na ya 34. Zisome zote mbili kwa mkupuo mmoja, na hiyo simu uiweke chumba kingine.

Usianzie pale Musa anapoomba kuona utukufu, kama wahubiri wengi wanavyofanya. Anzia juu kidogo. Watu wametoka kuabudu ndama wa dhahabu, na Mungu anamwambia Musa waondoke, waende kwenye nchi aliyowaapia baba zao. Nchi yenyewe imejaa maziwa na asali, malaika atawatangulia, wenyeji watafukuzwa. Lakini yeye mwenyewe hatakwenda kati yao. Hebu fikiri. Kila walichokuwa wakikililia tangu Misri wamepewa: ardhi, ulinzi, ushindi. Amekosekana Mungu tu. Siku hizi ukitangaza mpango kama huo uwanjani, watu watakodi mabasi kutoka mikoani waje kuupokea, na sadaka watatoa. Wale Waisraeli, pamoja na ukaidi wao wote, waliposikia waliomboleza, wakavua mapambo yao. Naye Musa akakataa katakata: kama Mungu haendi nao, basi asiwatoe pale jangwani.

Alipokubaliwa hilo ndipo akathubutu kuomba aonyeshwe utukufu. Utaratibu huo naupenda, maana nawajua watu wengi wanaotamani kuona lakini hawana haja ya kukaa. Mkesha ukiisha wameagana na Mungu hadi mkesha mwingine. Katika sura hiyohiyo yumo Yoshua, kijana kama wewe. Haikuandikwa kwamba aliona kitu ndani ya hema la kukutania. Imeandikwa tu kwamba Musa aliporudi kambini, Yoshua hakutoka hemani. Mimi nikisoma hapo husimama kidogo. Alikuwa akifanya nini humo peke yake? Biblia haisemi, na sidhani kwamba ilisahau.

Sasa njoo kwenye jibu. Musa ameomba utukufu. Mungu anamwambia atapitisha wema wake wote mbele yake na kulitangaza jina lake, ila uso hatauona. Musa anawekwa kwenye ufa wa mwamba. Wingu likashuka, ndiyo, lakini kilichotangazwa humo mlimani ni habari ya tabia: huruma, uvumilivu, hasira isiyo ya haraka, msamaha, na haki isiyoufumbia uovu macho. Kwa hiyo mtu akikuambia ameuona utukufu, usimuulize wingu lilikuwa kubwa kiasi gani. Ngoja arudi nyumbani, usikie anavyosema na mkewe.

Na wewe uliyebaki mkavu, jambo hili nakuomba ulishike. Utukufu ulipokuwa ukipita, Musa hakuwa anaona chochote. Mungu alikuwa amemfunika kwa mkono wake. Giza lile la mwambani lilikuwa kiganja cha Mungu mwenyewe, na mkono ulipoondolewa akauona mgongo tu, Mungu akiwa amekwisha kupita. Sisemi kwamba ukavu wako ni huo. Nasema usifanye haraka kuuita laana, na usimlipe mtu akuombee uondoke.

Mgongo huo ndio Martin Luther alioushika kule Heidelberg mwaka 1518, alipowasilisha hoja zake mbele ya watawa wenzake. Alisema anayestahili kuitwa mwanateolojia ni yule anayemtambua Mungu kwa mgongo wake, yaani kwa njia ya mateso na msalaba. Yule anayetaka kuuchungulia ukuu wake usioonekana hastahili jina hilo. Sisi tuliolelewa Kilutheri tulikaririshwa Katekisimu Ndogo mpaka tukaiota, lakini hili hatukuambiwa sana, na ni hasara. Mwinjili Yohana anakwenda njia hiyohiyo. Yesu anapotangaza kwamba saa ya kutukuzwa kwake imefika, anazungumzia chembe ya ngano inayoanguka ardhini na kufa. Aliyekuwa akitafuta fahari siku ile angepita pale Golgotha bila hata kugeuza shingo.

Baada ya siku arobaini Musa akashuka. Ngozi ya uso wake inang'aa, na hana habari. Walioona ni Haruni na watu wote, wakaogopa kumkaribia.

Nimewahi kuona uso wa namna hiyo, nikiwa msichana mdogo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umeshapita Uganda na kufika kwetu, na kijijini walikuwepo waliookoka, wengine wakisemwa vibaya kwa sababu walikuwa na makelele. Asubuhi moja, umande haujakauka, akaja jirani yetu mmoja na kapu la buni kichwani. Akapiga magoti mbele ya mama. Akasema msimu uliopita, mvua ilipotukuta kahawa imeanikwa, alikusanya ya kwake pamoja na ya kwetu, akanyamaza. Mama hakujua hata kama ameibiwa. Alibaki ameshika ufagio, hajui aseme nini. Yule jirani akaendelea kueleza kwamba kapu halijajaa vizuri, kilichopungua atakileta akivuna. Ungemwambia uso wake unang'aa angekushangaa, maana mawazo yake yote yalikuwa kwenye kile kilichopungua. Mama alipozinduka alimwinua, wakakumbatiana, na ufagio ukiwa bado mkononi.

Huo ndio ushirika na Mungu ninaoujua. Unaanzia mahali pa siri, na anayeubeba mara nyingi hajioni. Ukianza kuchungulia uso wako mwenyewe kila baada ya ibada, kuona kama umeng'aa au la, utachoka bure. Omba zaburi moja alfajiri kabla daladala hazijaanza kupiga honi, kisha kaa kimya kidogo, hata kama hakitokei kitu. Usiikose Meza ya Bwana. Pale hakuna anayeanguka, watu wanapanga foleni na kurudi kwenye mabenchi yao, watoto wanalia nyuma. Lakini Bwana anajitoa mwenyewe kinywani mwako, na wala hakuulizi umejisikiaje. Mkeshani nenda ukipenda. Mimi sikuzuii.

Ila yapo ambayo hukuniuliza. Jina lilipotangazwa mlimani, Musa aliinama upesi akasujudu, akamwomba Bwana aende kati yao, akawaombea msamaha wale wakaidi waliobaki bondeni, naye akijihesabu miongoni mwao. Angeweza kuomba aendelee kuona. Hata Petro alipotaka kujenga vibanda kwenye mlima ule mwingine, Yesu alipogeuka sura, kesho yake waliposhuka, baba mmoja alikuwa akiwasubiri na mwanawe mgonjwa.

Tangu mgogoro wa kibanja cha marehemu babu yenu, wewe na kaka yako hamsemezani. Najua ulionewa mwanzoni, nililisema hilo mbele ya ukoo na sijalifuta. Lakini mpaka umeshawekwa, sehemu ya juu yenye mibuni ni yako, na karatasi za mwenyekiti wa kijiji unazo. Nchi umeipata. Krismasi ulikuja ukalala kwa shangazi yako ili usipite mlangoni kwake, na watoto wake wakaniuliza baba mdogo amekasirikia nini. Nikakosa la kuwajibu.

Usiniambie unangoja upakwe mafuta kwanza ndipo upate nguvu ya kusema naye. Namba yake mpya mama yako anayo. Mpigie jioni, maana mchana akiwa shamba simu anaiacha nyumbani.

Ni mimi bibi yako