Kipakatalishi Kinapokataa Chaji

Siku hizi ni nadra kuingia katika nyumba ya mtaani kwetu usikute kipakatalishi, laptopu kama waiitavyo vijana, kikiwa juu ya meza ya kulia au kimefunikwa kitambaa juu ya kabati. Aghalabu kilinunuliwa kimeshatumika Ulaya, nacho kikauzwa kwa bei ambayo baba wa nyumba aliweza kuijadili. Ndani yake mna mambo ambayo thamani yake haihusiani na bei hiyo: hesabu za chama, vipimo vya wateja wa mabuibui, kazi ya chuo ya binti, na zaidi ya yote, picha. Picha za kupamba, picha za ukumbi wa wanawake, za bibi harusi na mama yake na shangazi zake wakiwa bila buibui wala mtandio, kwa kuwa pale ukumbini hapakuwa na mwanamume.

Ndiyo maana siku kifaa hiki kinapokataa kushika chaji, jambo huwa zito kuliko kuharibika kwa pasi au feni. Pasi unaweza kuiacha kwa fundi wiki nzima usiwaze. Kipakatalishi ukikiacha, umeacha mlango wa nyumba wazi. Nami nimeona mara nyingi kikipelekwa na kuachwa pasipo haja, ilhali kilichohitajika ni kuzimwa kwa namna maalumu, kwa muda usiozidi dakika moja.

Mimi si fundi. Nilikuwa karani wa shule kwa miaka 18, na katika afisi ile alikuwa akija mzee mmoja kututengenezea mashine, mtu mwenye subira ambaye hakuchoka kuulizwa maswali. Mengi ninayoyajua kuhusu betri niliyapata kwake, na mengine kwa kusoma maelekezo ya watengenezaji wenyewe.

Mapema mwaka huu, katika joto la kaskazi, wifi yangu alinijia jioni akiwa amekikumbatia kipakatalishi chake ndani ya mfuko wa kitambaa.

“Wifi, betri imekufa,” alisema kabla hajavua viatu.

“Nani amekuambia?”

“Fundi. Nimempigia simu. Amesema nikilete, nikiache siku mbili, nije na shilingi 8,500.”

“Amekiona?”

“Hajakiona.”

Kilichomsumbua si fedha peke yake, ingawa shilingi 8,500 si haba kwa mtu anayeshona. Binti yake mdogo alikuwa amebakiza siku tisa kuwasilisha kazi yake ya mwisho chuoni, na picha zote za harusi ya binti mkubwa zilikuwa mle ndani. Nilimwambia aketi, anywe chai, na asikifungue kwanza. Kilikuwa kimetoka kwenye jua la saa kumi, na betri za namna hii huzuiwa kuchaji zikipata joto la kama nyuzi 45. Wengi huona betri imekataa chaji mchana wa kaskazi, juu ya godoro, wakadhani imeharibika, kumbe inajilinda. Tukakiacha nusu saa chini ya feni.

Hapa inafaa nieleze kinachotokea ndani. Betri ya kipakatalishi haifanani na betri za tochi ambazo hutoa umeme mpaka zikaisha basi. Ni betri ya lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na ambayo iliwapatia Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake mna seli kadhaa zilizounganishwa, nyingi kati ya hizo zisizopaswa kupita takriban volti 4.2 kila moja. Ikizidishiwa umeme huweza kushika moto. Ikiachwa ikauke kabisa huharibika. Kwa hiyo haiachwi peke yake hata kidogo. Ndani ya betri yenyewe mna saketi inayopima umeme unaoingia na unaotoka, na katika bodi kuu ya mashine mna chipu nyingine ndogo, kidhibiti, ambayo huamua kama chaja iruhusiwe kuipa betri umeme au la. Kidhibiti hicho ndicho pia kinachosikia unapobonyeza kitufe cha kuwashia, unapofunga kifuniko, na feni inapotakiwa kuongeza kasi.

Mfano wake ni bawabu. Wageni wako nje na sahani za chakula, wenye njaa wako ndani, na bawabu kasinzia mlangoni. Chakula kipo, walaji wapo, lakini hakuna kinachopita.

Husinzia vipi? Kidhibiti nacho huendeshwa na programu, na programu yoyote huweza kukwama. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo mara tatu katika jioni moja, kama tulivyozoea, au chaja ikichomolewa wakati mashine inajizima, kidhibiti huweza kubaki kikiamini jambo lisilo kweli: kwamba betri imejaa, au imepata joto kupita kiasi, au chaja si ya halali. Na hili ndilo ambalo watu wengi hawalijui: kuzima na kuwasha kwa kawaida mara nyingi hakukiamshi. Mashine ikizimwa, kidhibiti hubaki macho, kikinywa umeme kidogo kutoka kwenye betri ile ile, kikisubiri kitufe kibonyezwe. Ukiwasha tena, unamkuta bawabu yule yule na fikira zile zile. Lazima umkatie umeme yeye mwenyewe.

Tulipokiwasha cha wifi, kilisema pembeni kwamba waya umeunganishwa lakini betri haichaji, nayo ilikuwa asilimia 43. Sentensi hiyo ni habari njema zaidi kuliko inavyosikika. Mashine inaiona chaja, na inaiona betri. Ingekuwa chaja imekufa, isingetajwa kabisa.

Hata hivyo nilianza na mambo mepesi. Tulihama kutoka kwenye waya wa kurefushia tukachomeka ukutani. Nilimulika tundu la chaji kwa tochi ya simu, nikaona vumbi na nyuzi za kitambaa, kama inavyotarajiwa katika nyumba ya mshonaji, tukazitoa kwa kijiti kikavu mashine ikiwa imezimwa. Nilisoma wati zilizoandikwa kwenye chaja nikazilinganisha na zile mashine inazotaka, maana chaja ya wati 45 kwenye mashine ya wati 65 huweza kuiendesha bila kuijaza betri. Vipakatalishi vya Dell, na vya HP vingi, huitambua chaja yao kwa sindano nyembamba iliyo katikati ya plagi. Sindano ikipinda au chaja ikiwa ya kuigiza, mashine huwaka lakini betri haipewi kitu. Tena nikatazama mipangilio, kwani baadhi ya watengenezaji, Lenovo na ASUS wakiwamo, wameweka swichi ya kulinda betri ambayo husimamisha chaji kwenye asilimia 60 au 80 kwa makusudi. Nimewahi kumwona mama akilia kwa sababu ya swichi hiyo. Ya wifi haikuwa imewashwa.

Jambo la mwisho kabla ya kubonyeza chochote: nilikiweka juu ya meza tambarare nikakigusa pembe kwa pembe. Hakikucheza. Kipakatalishi kikiyumba mezani ilhali zamani hakikuyumba, au kibodi ikiinuka katikati, au kifuniko kisifunge sawasawa, betri imevimba, na hapo kila ninachokieleza hakifai. Chomoa chaja, zima, usiibonyeze wala kuitoboa, na uiweke mbali na watoto.

Basi tukaendelea. Tulikizima kwa utaratibu wake wa kawaida. Tukachomoa chaja, na kila kilichochomekwa kingine, hata kipanya. Betri yake ilikuwa ya kutolewa, tukaitoa. Kisha nikamwambia wifi abonyeze kitufe cha kuwashia na asikiachilie, ahesabu mpaka 30 pole pole. Alihesabu kwa sauti, akicheka, maana aliona ni kama kumbonyeza maiti. Lakini hapo umeme uliobaki katika bodi unatoka wote, na kidhibiti kinapoteza kila ilichokishikilia. Tukarudisha betri, tukachomeka chaja, tukawasha. Taa ndogo ya rangi ya machungwa ikawaka pembeni. Wifi hakusema neno mpaka alipoona 44.

Betri isipotoka, kama ilivyo katika mashine nyingi mpya, njia ni ile ile ila hushikilia kitufe mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa: sekunde 30 kwa nyingi, na ASUS wao hutaka 40. ThinkPad nyingi zina kitundu kidogo mgongoni kwa kazi hii hii. Chaja ikiwa imechomolewa, huingizwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa, kwa upole, kisha husubiriwa dakika moja. Pini ya mtandio ni kali mno, iacheni ilipo. Na hakikisheni kwenye kitabu cha mashine kwamba ndicho kitundu chenyewe.

Wenye MacBook wana utaratibu wao, na kidhibiti chao huitwa SMC. Kwa zile za betri isiyotoka mpaka za mwaka 2017, huzimwa, kisha hubonyezwa Shift, Control na Option za kushoto pamoja na kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Zenye chipu ya T2, zilizoanza kutoka mwaka 2018, huhitaji Control ya kushoto, Option ya kushoto na Shift ya kulia kwa sekunde 7, kisha, bila kuviachilia, huongezwa kitufe cha kuwashia kwa sekunde 7 nyingine. Zenye chipu za Apple yenyewe, tangu mwisho wa mwaka 2020, hazina mchezo huo wa vidole: huzimwa, husubiriwa nusu dakika, huwashwa. Katika njia zote hizi hakuna faili linalofutwa. Naliandika hili wazi kwa sababu neno la vijana, “kurisiti”, huwatia mama zao hofu, wakidhani ni kule kufuta simu yote.

Wifi alitaka pia kujua kama yule fundi alisema uongo. Sikupenda kumhukumu mtu ambaye hakuiona mashine, wala hakuna haja, kwani betri inaweza kuulizwa yenyewe. Katika Windows hufunguliwa dirisha la amri, huandikwa powercfg /batteryreport, na mashine hutoa ripoti pamoja na mahali ilipoihifadhi. Humo mna tarakimu mbili za kutazama: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo ilionao sasa ikijaa. Ya wifi iliundwa na 50,000, na sasa ina 36,000. Ni asilimia 72. Imezeeka, haijafa. Ingekuwa asilimia 30, ningemwambia aanze kuweka akiba ya betri mpya siku ile ile, na hakuna kubonyeza kitufe kungeibadilisha tarakimu hiyo.

Binti aliwasilisha kazi yake zikiwa zimebaki siku mbili. Picha za harusi tulizihamishia kwenye diski ya nje, ambayo sasa imo kabatini pamoja na dhahabu, na ndani ya mashine hazimo tena. Hilo nililisisitiza mimi, kwa kuwa siku ya fundi itakuja tu. Matundu ya chaji hulegea, chaja huungua, na seli zilizokaa miezi bila chaji hushuka mpaka saketi ya betri yenyewe ikakataa kuziamsha.

Habari zilipoenea, jirani wa ghorofa ya chini alinipandia na chake, akiwa na hakika kwamba nitakishika kitufe na kila kitu kitakuwa sawa. Nilikiweka mezani kikayumba. Nilimwonyesha pengo kati ya kibodi na ukingo, lenye upana wa ukucha, na chaja tukaiacha mfukoni. Kesho yake alikwenda mjini na mwanawe wa kiume, akamwomba fundi afungue mbele yao na atoe kwanza diski yenye picha, naye fundi, kwa hisani yake, akakubali bila maneno. Waliketi kwenye benchi kwa dakika 40. Diski ilikaa mkobani mwake muda wote huo.